Jiwe, Mashine na Kisiki: Sayansi na Vitu Hai Katika Shinyanga na Geita

Mara nyingi katika semina zetu, kada akiulizwa sayansi ni nini hujibu kwa kutaja vitu: trekta, ndege, kompyuta, mtambo wa kusaga mawe. Jibu hilo si la mtu mjinga. Katika nchi iliyotawaliwa, sayansi ilitufikia ikiwa imepanda juu ya mashine, na wengi wetu hatukupata nafasi ya kuiona ikishuka. Hata hivyo jibu hilo halitoshi, na upungufu wake una madhara. Mashine ni matokeo ya sayansi. Sayansi yenyewe ni namna ya kuuliza na ya kujibu: kitu hiki ni cha aina gani, kinakwendaje, kinahusiana na nini, na tutajuaje kama tumekosea?

Swali la kwanza kati ya hayo ndilo tunalokusudia kulieleza hapa. Tutatumia mifano ya sehemu moja ya nchi yetu, yaani Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Tumeichagua sehemu hiyo kwa sababu makosa mawili makubwa ya fikra yametendeka huko waziwazi, na yote mawili yamegharimu maisha ya watu. Kosa la kwanza ni kukitazama kitu hai kana kwamba ni mashine. Kosa la pili ni kulitazama jiwe kana kwamba ni kitu hai. Watu hudhani kwamba kosa la kwanza ni la wasomi na la pili ni la wasiosoma, na kwamba dawa ya la pili ni kuongeza la kwanza. Tutajaribu kuonyesha kwamba makosa hayo ni ndugu, na kwamba moja limekuwa likimlisha mwenzake.

MASHINE NA KITU HAI

Tuanze na mashine iliyo karibu. Katika machimbo ya Nyarugusu au Rwamagasa, karasha la kusagia mawe ya dhahabu lina injini, mkanda, pipa la chuma na gololi za kusagia. Fundi akitaka kulielewa hulifungua, huvitandaza vipande chini, huvichunguza kimoja kimoja, kisha hulifunga. Likifungwa sawasawa husaga kama mwanzo. Hapo tunajifunza mambo matatu. Kwanza, ukiwa na vipande vyote na mpango wa kuviunga, unayo mashine nzima. Pili, kusudi la mashine halikutoka ndani yake. Limewekwa na mtu aliyeiunda au anayeimiliki. Tatu, mashine haijitengenezi: gololi ikilika, hukaa imelika mpaka aje fundi.

Sasa tumtazame ng'ombe. Ukimfungua ng'ombe kama karasha unapata nyama. Hata ukivirudisha viungo vyote mahali pake, hupati ng'ombe. Moyo wake unaishi kwa hewa inayoletwa na mapafu, na mapafu yanaishi kwa damu inayosukumwa na moyo. Kila kiungo ni fundi wa vingine na ni kazi ya vingine. Kidonda chake hujifunga chenyewe. Huzaa wa mfano wake. Zaidi ya hayo, mpaka wake hauishii kwenye ngozi. Ng'ombe peke yake hawezi kumeng'enya majani makavu ya kiangazi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyohesabika vinavyoishi katika tumbo lake. Kwa hiyo ukitaka kumjua ng'ombe hupaswi kuuliza tu ana vipande gani. Lazima uulize anaishi na nani, amekula nini, na amepitia nini.

Tusiudharau mtazamo wa kimashine. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko wa damu kwa kupima kiasi ambacho moyo husukuma, na tangu hapo udaktari umepata faida kubwa kwa kuuchunguza mwili kiungo kwa kiungo. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alikwenda mbali zaidi akadai kwamba wanyama ni mashine na si zaidi. Mwaka 1790 Mjerumani Immanuel Kant alimpinga mtazamo huo kwa hoja iliyo karibu na ile tuliyoieleza: katika saa kipande kimoja husukuma kingine lakini hakikitengenezi, ilhali katika kitu hai viungo hutengenezana.

Wako waliotoka hapo wakasema: basi ndani ya kila kitu hai imo nguvu ya siri isiyochunguzika. Sisi hatusemi hivyo. Chuma kilichomo katika damu ya ng'ombe ni chuma kile kile kilichomo katika miamba ya Geita. Tofauti haiko katika malighafi. Iko katika mpangilio, katika mwendo usiokatika, na katika uhusiano na vinavyozunguka. Huo ndio mtazamo wa kiyakinifu: hatuongezi mizimu juu ya maumbile, wala hatuyapunguzi maumbile yawe rahisi kuliko yalivyo.

MBUNG'O, VICHAKA NA WAKOLONI

Sasa tuone jinsi kosa la kwanza lilivyotendeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe. Palipokuwa na malisho pakawa hapana wa kulisha. Njaa, magonjwa na vita vya ukoloni vikapunguza watu na kuwahamisha. Mashamba yakageuka vichaka, wanyama wa porini wakarudi, na mbung'o akafuata. Mbung'o huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Wanahistoria kama John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, wameonyesha kwamba kabla ya hapo wakulima na wafugaji walikuwa wakimzuia mbung'o kwa njia ya maisha yao wenyewe: kulima, kuchunga, kuchoma nyasi kwa wakati wake, na kukaa mahali kwa wingi wa kutosha.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika walimkuta mbung'o ametanda, wakadhani kwamba ndivyo Afrika ilivyoumbwa. Matokeo ya historia yaliandikwa kuwa ni maumbile. Hilo lilikuwa kosa la kwanza ndani ya kosa.

Katika miaka ya 1920 Shinyanga ikafanywa mahali pa kumchunguza mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza kazi hiyo hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Utafiti wao ulikuwa wa kweli, na ni vizuri kukiri hivyo. Waligundua tabia za kila aina ya mbung'o. Aina moja, Glossina swynnertoni, inaitwa kwa jina la kiongozi huyo. Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama nzi wa nyumbani. Huzaa buu mmoja mmoja, naye hujichimbia ardhini, penye kivuli. Ukiondoa kivuli, umemwondolea makao. Hesabu ilikuwa sahihi. Wasukuma wakakusanywa kupitia kwa watemi wao, wakafyeka vichaka na miti katika maeneo makubwa, na mbung'o akarudi nyuma. Watu na mifugo wakaingia katika nchi iliyofunguliwa, na pamba ikapandwa.

Kosa liko wapi, basi, ikiwa mbung'o aliondoka? Liko hapa: nchi ilitazamwa kama karasha lenye kipande kibovu. Ukikitoa kipande kibovu, mashine iliyobaki hubaki kama ilivyo. Lakini miti ya Shinyanga haikuwa kipande. Ilikuwa kuni, dawa, ua la zizi, malisho ya kiangazi, kivuli cha udongo na njia ya maji ya mvua kuingia ardhini. Mti ulipoondoka, vyote hivyo vilianza kusogea mahali pake. Mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka katika eneo lile lile, na miti mingine ikakatwa ili kuwanyima kwelea makao. Kufikia miaka ya 1980 sehemu za Shinyanga zilikuwa zikisemwa kwamba ni jangwa la Tanzania.

Hapa lazima tujikosoe, maana si wakoloni peke yao walioitazama nchi hii hivyo. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Shabaha ya kuwapelekea watu shule, zahanati na maji ilikuwa halali. Lakini katika Shinyanga, kama kwingineko, kaya zilihamishwa kana kwamba ni gololi zinazotolewa katika pipa moja na kutiwa katika lingine. Zilikotoka ziliacha kitu ambacho ramani za operesheni hazikukionyesha, nacho ni ngitili.

KISIKI KINATUFUNDISHA NINI

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma huliziba mvua zinapoanza, nyasi na miti ikakua bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kinapokuwa kikali na nyasi zimekwisha kwingine. Kuna ngitili za kaya na kuna ngitili za jamii. Mtu akiziingilia kabla ya wakati hutozwa faini. Kaya zilipohamishwa mbali na ngitili zao, zuio likalegea, na nyingi zikaliwa mpaka udongo ukabaki wazi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni mkazo mkubwa uliwekwa katika vitalu na kupanda miche, ikiwamo ya miti ya kigeni. Hiyo ilikuwa bado fikra ya kipuri: mti umetoka, leteni mti mwingine. Hata hivyo miche mingi haikuhimili ukame na mifugo. Ndipo wataalamu wa mpango, wakiwasikiliza wazee, walipozidi kuitegemea ngitili. Ardhi ile iliyoonekana imekufa haikuwa imekufa yote. Chini ya udongo vilikuwamo visiki na mizizi hai iliyokuwa ikichipua kila mwaka, na kila mwaka machipukizi yakaliwa. Kilichotakiwa kilikuwa kuyaacha yakue. Kuyaacha huko kulihitaji nguvu: mipaka iliyokubaliwa, sheria ndogo za vijiji, mikutano ya jadi ya dagashida, na Sungusungu wa kuzilinda.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimehesabiwa zilifika takriban hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Mkoa wa Shinyanga kama ulivyokuwa kabla ya kumegwa mwaka 2012, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Waliozichunguza walihesabu ndani yake zaidi ya aina 140 za ndege.

Kada azingatie maana ya jambo hili. Ngitili ni teknolojia, ingawa haina chuma. Ina kalenda, ina mpaka, ina kanuni na ina adhabu. Tofauti yake na karasha ni kwamba fundi wa karasha hutengeneza kitu, ilhali mtunza ngitili hutengeneza masharti, na mti hujitengeneza wenyewe. Kwa kitu hai, mara nyingi huo ndio ufundi wa juu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu inayomfundisha kijana kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni, na kumfanya aidharau hekima ya wazee. Shinyanga ilichukua karibu miaka 20 kuonyesha gharama ya dharau hiyo.

Hata hivyo tusigeuze ngitili kuwa hadithi tamu. Si kila la jadi ni la haki. Mwenye ng'ombe wengi ana sababu na uwezo wa kujizibia eneo kubwa kuliko mjane mwenye mbuzi wawili. Maumbile yakirudi, swali la nani anayamiliki hurudi pamoja nayo.

JIWE HALINA NIA

Tuelekee sasa kaskazini magharibi, Geita, tukalione kosa la pili. Dhahabu ya Geita iligunduliwa mwaka 1898, wakati wa Wajerumani. Mgodi wa kikoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Pembeni ya migodi hiyo wachimbaji wadogo wamechimba maduara yao kwa mikono.

Miamba ya ukanda huu ni ya kale mno, ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yenye madini yalipanda kutoka chini kupitia nyufa, yakapoa au yakakutana na mawe yenye chuma, na dhahabu ikabaki. Kwa sababu hiyo dhahabu haikutandazwa sawasawa. Mshipa unaweza kuwa tajiri katika hatua moja na kuwa mtupu katika hatua ya pili. Watu wawili wenye bidii ile ile huchimba maduara yanayopakana. Mmoja hujenga nyumba, mwingine hudaiwa chakula.

Hali hiyo ndiyo inayozaa imani kwamba dhahabu ina mwenyewe, kwamba hujificha na kujitokeza kwa apendaye, na kwamba inapaswa kulishwa. Tusiicheke imani hiyo kabla ya kuielewa. Mtu aliyekopa ili anunue chakula na magogo ya kuegemezea duara, asiye na ramani ya mwamba wala kipimo cha maabara, anakabiliana na jambo linalomwinua au kumwangusha bila sababu anayoiona. Akili ya binadamu haivumilii pengo la sababu. Pasipo maelezo ya mwamba, huwekwa maelezo ya nia. Udhanifu haukuzaliwa kwa upumbavu. Umezaliwa katika hali ya maisha, na mganga hupata soko pale pale.

Lakini kuielewa imani si kuisamehe. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Ziwa, kwa madai kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Walikuwamo watoto wadogo. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mmoja. Mwaka huo huo Serikali ilizifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikapiga vita tena waganga wasio na kibali.

Tazama muundo wa fikra ya wauaji. Jiwe lilipewa nia, masikio na tumbo. Mtoto, aliye hai na mwenye nia yake mwenyewe, alifanywa kipande, yaani kipuri cha kufungia katika mtambo wa bahati. Makosa yetu mawili yalikutana katika tendo moja.

Sayansi inasema nini? Inasema kwamba ualbino ni upungufu wa rangi asilia ya ngozi, nywele na macho. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe waweza kuwa na rangi ya kawaida kwa kuwa kila mmoja amebeba nakala moja tu ya chembe ya urithi yenye kasoro. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kwa kila mimba kuna nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hakuna laana wala bahati. Kuna ngozi inayohitaji kukingwa na jua, na kuna raia anayehitaji ulinzi wa dola.

MOSHI

Tulisema kwamba kosa la kwanza limelilisha la pili. Tueleze.

Kwa muda mrefu katika Usukuma wameuawa vikongwe, hasa wanawake, kwa kusingiziwa uchawi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo, na zaidi ya nusu yao ni katika Usukuma. Dalili mojawapo iliyotajwa na washitaki ilikuwa macho mekundu.

Sasa tufuate sababu kwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Macho ya kikongwe yamekuwa mekundu kwa nini? Kwa sababu amepika penye moshi tangu alipokuwa binti. Moshi umekuwa mkali kwa nini? Kwa sababu katika sehemu nyingi zilizokosa kuni watu huchoma mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Kuni zimekosekana kwa nini? Kwa sababu miti ilifyekwa na ngitili zikavunjwa. Kwa hiyo mstari wa sababu unaoanzia katika ofisi ya mtaalamu aliyetazama nchi kama mashine unaweza kuishia mlangoni kwa bibi kizee, usiku, mbele ya watu wenye mapanga.

Hatusemi kwamba Swynnerton aliwaua vikongwe, wala kwamba moshi ndio sababu pekee. Kiini cha mauaji kimekuwa pia mirathi ya mashamba, wivu, vifo vya watoto visivyoelezwa, na umaskini. Tunachosema ni kwamba muuaji alikiona kile chekundu machoni akakipa sababu ya nia, wakati sababu yake ilikuwa katika historia ya miti. Kada aliyefika kijijini na hotuba dhidi ya ushirikina, bila kuuliza wanawake wanapikia nini, alikuwa ameitibu nusu ya ugonjwa.

ZEBAKI: TEKNOLOJIA INAPOINGIA KATIKA UHAI

Mfano wa mwisho unaonyesha kwa nini mipaka kati ya jiwe, mashine na kitu hai si ya vitabuni tu. Katika mialo ya Geita mchanga uliosagwa huoshwa, kisha hutiwa zebaki. Zebaki huikamata dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, na donge linalobaki huchomwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 tu. Kwa hiyo zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Kwa jicho la kimashine kazi imekwisha: kifaa kimetumika, kimeondoka.

Lakini hakikuondoka. Mvuke wake huvutwa na mchomaji na watoto waliokaa karibu. Sehemu nyingine huanguka ikafika mitoni. Katika matope yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza zebaki kuwa zebaki ya kikaboni, ambayo ni sumu kali zaidi. Samaki mdogo huila kidogo, samaki mkubwa hula wadogo wengi, na mama mjamzito hula mkubwa. Kwa kila hatua sumu huongezeka, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia kuliko wote. Dunia ilijifunza jambo hili huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956 miongoni mwa wavuvi waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Vipo vyombo vya bei nafuu vya kuchomea vilivyofunikwa, vinavyoukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mradi wa Umoja wa Mataifa uliofanya kazi Rwamagasa katika miaka ya 2000 ulivionyesha. Kwa nini basi havikuenea? Hapa ndipo tunapoona kwamba teknolojia ni uhusiano wa watu kabla haijawa chombo. Zebaki hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Inayosalia hubaki katika marudio, na marudio mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha, ambaye huyachenjua tena kwa sayanaidi. Mchimbaji anayedaiwa anataka fedha leo, jioni hii. Njia yenye sumu ni ya haraka, na faida ya njia ya pili si yake. Ukimfundisha kemia bila kugusa mgawanyo huo, umempa somo asiloweza kulitumia.

WAJIBU WA KADA

Lipo kosa la tatu, nalo ni letu sisi wa siasa: kudhani kwamba kwa kuwa tumekwisha kuona upungufu wa wataalamu, basi siasa yaweza kuamua maumbile yaweje. Katika Urusi ya Kisovieti, Trofim Lysenko alidai kwamba elimu ya urithi wa chembe ni ya kibepari, na mwaka 1948 chama kikamwunga mkono. Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mbegu, alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Ngano haikujali maazimio. Azimio linaweza kugawa ardhi upya, na hilo ni jambo kubwa. Haliwezi kuagiza mzizi uote.

Kwa hiyo, kabla ya kada kuupokea mradi wowote, uwe wa mbegu, wa dawa ya wadudu, wa mgodi au wa kuhamisha mifugo, tunashauri ajiulize na awaulize wengine mambo haya. Kitu tunachotaka kukigusa ni cha aina gani: jiwe, mashine, au kitu hai? Ikiwa ni kitu hai, kinategemea nini na nini kinakitegemea? Hali tunayoiona ni ya maumbile, au imeletwa na historia? Nani atapata faida, na nani atakaa na mabaki? Na dalili gani itatuonyesha, mapema, kwamba tumekosea?

Swali la mwisho ndilo linalotenganisha sayansi na ushirikina, na ndilo linalotenganisha pia uongozi na amri. Mganga ana jibu kwa kila matokeo: dhahabu ikipatikana, dawa imefanya kazi, isipopatikana, masharti yalivunjwa. Wapo viongozi wanaopanga miradi kwa mtindo huo huo. Mtu wa sayansi hutaja kabla ya kazi kitakachomfanya akubali kwamba amekosea, kisha hurudi kutazama. Miti ya Shinyanga ilirudi kwa sababu watu walirudi kutazama, wakakubali, wakabadili.

MASWALI YA MAJADILIANO KWA VIKUNDI

1. Taja mradi mmoja katika wilaya yako uliokitazama kitu hai kama mashine. Dalili za kosa zilionekana lini, na nani alizisema kwanza?

2. Kwa nini kuwafunga waganga peke yake hakuwezi kumaliza mauaji ya kishirikina? Eleza kwa kutumia hali ya maisha ya mchimbaji mdogo.

3. Ngitili ya jamii na ngitili ya kaya moja: ipi inalinda miti zaidi, na ipi inalinda haki zaidi? Je, majibu hayo mawili yanapatana?